Gia ya trekta inachomoka mteremkoni: nichomelee, nibadilishe au niuze chuma chakavu?

Shikamoo mzee wangu,

Naishi Muheza, upande wa barabara ya Amani. Baba yetu alipofariki alituachia shamba la michungwa na trekta moja la zamani, Massey Ferguson 135, lile lenye mikono miwili ya gia: mmoja wa gia tatu na rivasi, mwingine wa kuchagua nzito au nyepesi. Tumezaliwa wanne, ila wenzangu wako Tanga mjini na Dar es Salaam, kwa hiyo mimi ndiye ninayeliendesha kama biashara. Mvua zikikaribia nalimia watu kwa heka, na msimu wa machungwa tela linashusha mzigo hadi barabara kuu. Ndilo linalonisomeshea watoto.

Tangu masika gia ya tatu inachomoka yenyewe. Kwenye mpando haina neno. Dereva akianza kuteremka na mzigo, akipunguza mafuta, mkono unaruka unarudi fri. Dereva wangu sasa anaushikilia kwa goti. Halafu kuna mlio: trekta limesimama, injini inanguruma, gia ziko fri, na ndani unasikia kitu kinasaga, ukikanyaga klachi kidogo tu, mlio unakatika. Jembe nalo siku hizi linainuka kwa shida na linatetemeka likiwa juu. Juzi nimechomoa kijiti cha oili nikakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa.

Nimeita mafundi wawili. Wa hapa Muheza anasema jino la gia limelika. Atafungua, atalichomelea, atafunga, laki nne kila kitu. Wa Tanga mjini anasema giaboksi imekwisha, anayo nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye trekta la shamba la mkonge, milioni mbili na nusu pamoja na kazi. Kaka yangu mkubwa hataki kusikia lolote kati ya hayo. Anasema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu tugawane pesa, mambo yaishe. Mimi si fundi na naogopa kudanganywa. Nimsikilize nani?

Mwenye trekta, Muheza

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na mzazi, na pole kwa mzigo aliokuachia.

Kabla ya giaboksi, kabla ya pesa, kabla ya kaka: kuanzia leo usifunge tela kwenye trekta hilo. Barabara ya Amani ina miteremko na kona, na mteremkoni mzigo unazuiwa na injini kupitia gia. Breki ni msaada. Trekta lako lina breki za magurudumu ya nyuma peke yake, tena pedali ya kushoto na ya kulia kila moja ina gurudumu lake. Gia ikitoka katikati ya mteremko, machungwa yote yale yanalisukuma trekta kwa nyuma, na dereva ambaye mguu wake uko kwenye mkono wa gia atachelewa kuzifikia pedali. Watu wamekufa hivyo. Goti lenyewe linaongeza ubovu, kwa sababu linaibana foki, ile uma inayosogeza gia, muda wote, na foki inalika upande mmoja.

Sasa nikueleze trekta lako lilivyotengenezwa, maana ukilijua hili hakuna fundi atakayekuzungusha. MF 135 lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, likiwa na injini ya Perkins ya dizeli ya silinda tatu. Mwili wake hauna chesisi. Injini imefungwa boliti kwenye giaboksi, na giaboksi kwenye sehemu ya nyuma yenye pampu ya haidroliki na difu ndani yake. Na oili ni moja. Lori lina oili ya giaboksi mbali na ya difu mbali. Kwako oili inayolainisha gia ndiyo inayolainisha difu, ndiyo hiyo hiyo inayovutwa na pampu kwenda kuinua jembe. Chembe ya chuma ikimeguka kwenye beringi ya giaboksi, safari yake inaishia kwenye pampu.

Ukishika hilo, mambo yote uliyoyaandika yanajipanga. Maji yameingia kwenye oili, ndiyo rangi uliyoiona. Oili yenye maji haishiki vizuri kwenye chuma, beringi zikaanza kuchubuka, ndio mlio unaosaga. Beringi ikilegea, shafti inacheza mbele na nyuma, gia haikai vizuri mahali pake, na mzigo ukigeuka kutoka kuvuta kuwa kusukuma, inachomoka. Takataka zikaenda kwenye chujio la pampu, jembe likaanza kutetemeka. Huna magonjwa manne, mwanangu. Una moja lililosambaa.

Maji yaliingilia wapi? Kaangalie mpira unaovaa shina la kila mkono wa gia. Kwenye matrekta haya ndio mlango mkuu wa maji: jua linaupasua, trekta linalala nje chini ya mwembe, masika yote mvua inatiririka kufuata mkono wa gia hadi ndani. Mpira huo ni kitu cha bei ndogo sana, na ndio nadhani umekuletea hasara hii. Pia muulize dereva kama analiosha kwa mashine ya maji ya kusukuma.

Nenda polepole kabla ya kufungua chochote. Trekta lilale usiku mzima mahali pa tambarare. Asubuhi, kabla halijawashwa, legeza plagi za chini taratibu na uweke ndoo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo maji ambayo hayajachanganyika yatatangulia kutoka. Oili yote iliyobaki ichujwe kwa kitambaa cheupe, kisha upitishe sumaku kwenye kitambaa. Ujiuji wa kijivu laini kama poda ni kulika kwa kawaida kwa chuma cha umri huo. Magamba yanayong'aa unayoweza kuyashika kwa ukucha ni beringi au uso wa jino. Kipande chenye pembe ni jino lililokatika. Na chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku inaziacha ni bushi au washa za shaba. Kitambaa hicho usikitupe. Kila fundi atakayekuja mwonyeshe kwanza, umsikilize anavyokisoma. Anayekipuuza mshukuru na umuage.

Kuhusu mlio, hebu rudia jaribio la klachi kwa makini zaidi. Mengi ya matrekta haya yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu unakata mwendo wa magurudumu, ukikanyaga hadi chini unakata na pitio (PTO), yaani shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Mlio ukikatika kwenye nusu ya kwanza, kama ulivyoandika, tafuteni kwenye shafti inayoingiza mwendo giaboksini na shafti ya chini inayozungushwa nayo. Ukiendelea hadi pedali ifike chini kabisa, basi angalieni upande wa pitio. Mlio unaoanza wakati unakanyaga ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi ikikanyagwa, na huo si ugonjwa wa giaboksi hata kidogo. Haya yote fundi anaweza kuyajua bila kushika spana, na wako wa kwanza naona hakuyauliza.

Kwa hiyo fundi wa Muheza hapana. Sisemi ni mwizi. Laki nne kwa kazi anayoitaja si bei ya kitapeli. Lakini jino la gia halichomelewi. Gia ya giaboksi imepikwa kiwandani ili uso wake uwe mgumu sana na kiini chake kibaki na ustahimilivu. Moto wa kuchomelea unaharibu upishi huo pande zote za kidonda. Jino jipya litakuwa laini mno lilike, au kavu mno livunjike, na likivunjika linapita katikati ya gia nyingine zilizokuwa nzima. Halafu hata jino lingekuwa zuri, yeye hajagusa maji, hajagusa beringi, hajasafisha pampu. Utarudi kwake kabla vuli haijaisha.

Fundi wa Tanga mjini ana wazo linaloeleweka, na sitalikataa moja kwa moja. Ila MF 135 halikutengenezwa kwa giaboksi ya aina moja. Kuna ya gia sita mbele na mbili nyuma kama yako, kuna ya gia nane, na kuna iliyoongezwa Multi-Power, ambayo hubadili mwendo kwa haidroliki na kukupa gia kumi na mbili. Hii ya mwisho nakukataza kwa mahali unapoishi. Multi-Power ikiwa upande wa mwendo wa chini, injini haishikilii trekta mteremkoni. Magurudumu yanazunguka huru yakishinda kasi ya injini. Kwenye tambarare za mkonge haisumbui sana. Kwa mtu anayeshusha machungwa kutoka milimani ni hatari ile ile unayoikimbia. Kama hiyo ya mtumba ni ya gia sita, iangalie ikiwa imefunguliwa kifuniko, uone meno kwa macho yako, utingishe shafti kwa mkono, uhesabu mifereji ya mwisho wa shafti ilingane na klachi yako. Akikataa kufungua kabla ya malipo, umepata jibu. Na hata ikiwa nzuri, bado utalazimika kubadili beringi na sili zake, kwa hiyo milioni mbili na nusu haitakuwa mwisho wa gharama.

Ushauri wangu ni kuitengeneza hiyo hiyo ya baba, kikamilifu, mara moja. Ukoo huu wa matrekta bado una spea, kwa sababu viwanda vya India na Pakistan vimeendelea kwa miaka mingi kutengeneza Massey za mfumo unaofanana nao. Gerezani, Dar es Salaam, beringi, sili, gasketi na gia zake zinatafutika. Beba ile ya zamani mkononi ulinganishe, usiagize kwa jina peke yake.

Kazi yenyewe inataka trekta likatwe sehemu mbili: mbele, kati ya injini na giaboksi, na nyuma, kati ya giaboksi na sehemu ya pampu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja na inayumba kulia na kushoto. Trekta likiwa zima, nyuma ndiyo inayolizuia lisilale. Ukishalikata, injini yote inabaki juu ya pini hiyo na inaweza kupinduka ghafla upande wowote. Kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa, kabari za mbao ngumu zipigwe kati ya ekseli na mwili, kulia na kushoto. Chini pawe zege, si mchanga wa chini ya mkorosho. Jeki ni ya kunyanyulia. Cha kukalia ni stendi imara au magogo yaliyopangwa msalaba. Trekta hili ni kama tani moja na nusu. Mtu asiingize mkono kati ya sehemu mbili kutafuta tundu la boliti. Kuna vyuma vya kuongozea kazi hiyo. Fundi akija na jeki moja bila kabari, msimamishe, hata kama ni mkubwa wako kwa umri.

Giaboksi ikiwa mezani, kila kitu kioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa na kukaguliwa mchana. Beringi badilisheni zote, hata zinazoonekana nzima, kwa sababu zote zimekunywa maji yale yale. Usinunue kwa kauli ya "nipe beringi ya Massey". Kila beringi ina namba yake ubavuni. Mfano, beringi yenye namba 6208 ina tundu la milimita 40, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, huzidishwa kwa 5. Kipenyo chake cha nje ni milimita 80 na unene wake 18. Andika namba zote kwenye karatasi pamoja na herufi zinazofuata, maana herufi kama C3 zinaeleza nafasi iliyoachwa ndani kwa ajili ya joto. Bandia ni nyingi. Maandishi yaliyopakwa yanayofutika kwa kidole, au pete inayokwaruza ukiizungusha ikiwa mpya, iache dukani.

Gia hazibadilishwi zote. Inayobadilishwa ni ile ambayo meno yake yamechubuka uso au yameviringika mwisho, na mwenzake anayeshikana naye akaguliwe pamoja, kwa sababu jino jipya likisagana na lililolika litalia na litakufa mapema. Foki ipimwe ndani ya mfereji wa gia yake. Ikicheza sana, itoke. Kwenye fimbo za foki kuna springi na vichuma vidogo vinavyoingia kwenye vitundu ili gia ikae ilipowekwa. Springi hizi ni vitu vidogo, na mafundi wengi huzirudisha zilivyo baada ya kutengeneza makubwa yote, kisha gia inaendelea kuruka na mwenye trekta anaambiwa spea ni mbovu. Ziwe mpya.

Nyuma ya giaboksi kuna seti ya gia ndogo zinazozunguka ndani ya pete yenye meno. Hiyo ndiyo nzito na nyepesi yako. Kwenye nzito inapunguza mwendo mara nne. Washa zake na roli zake nyembamba zikaguliwe moja moja na zihesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

Trekta likiwa limekatwa, klachi ipo wazi mbele yenu. Kama pleti imebakiza kidogo, badilisha sasa, pamoja na rilizi beringi, beringi ndogo ya kwenye flaiwili na sili za shafti ya kuingilia. Kukata trekta tena mwakani kwa ajili ya sili ya elfu chache ni kulipa kazi ile ile mara mbili. Upande wa nyuma, chujio la pampu lioshwe na chini ya difu pasuuzwe kabisa hadi kitambaa kitoke safi. Hapo ndipo kazi nyingi za giaboksi zinapoharibikia: giaboksi mpya inafungwa, na uchafu wa zamani uliolala difuni unaamka siku ya kwanza ya kulima.

Oili nayo isiwe ya kubahatisha. Omba oili ya matrekta inayotumika kwa gia, breki na haidroliki pamoja. Kwenye dumu imeandikwa UTTO. Usikubali ile nzito ya difu za malori, yenye alama ya GL-5. Ni nzito kwa pampu, na baadhi ya dawa zake za kuhimili mgandamizo hula shaba. Oili ya injini iliyotumika ndiyo kabisa isikaribie. Jaza hadi alama ya kijiti, washa, inua na shusha mikono ya haidroliki, kisha pima tena kwa sababu kiwango kitashuka.

Dereva naye afundishwe. Giaboksi hii ya gia sita ni ya gia zinazoteleza kuingiana. Inabadilishwa trekta likiwa limesimama. Dereva aliyezoea Fuso atataka kubadili njiani, na kila mkwaruzo unaousikia ni ncha ya jino inaviringika. Jino lililoviringika ndilo linaloteleza nje. Mteremkoni achague gia kabla ya kuanza kushuka, na akiwa barabarani pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kile kifungo chake.

Na fundi umpate wapi? Uliza VETA Tanga (chuo cha ufundi stadi) na SIDO Tanga (shirika la viwanda vidogo) nani wanamwamini kwa kazi za giaboksi, na nani ana mashine ya kukamulia beringi badala ya nyundo. Ukimpata, andikianeni. Spea unanunua wewe, yeye anakupa orodha baada ya kufungua na si kabla. Malipo yafuate hatua: kidogo akikata, kiasi akionyesha vilivyoharibika, sehemu kubwa likishalima mbele yako. Vilivyotolewa vyote vibaki kwako. Piga picha kwa simu kila kinapotoka kitu. Zitamsaidia hata yeye wakati wa kufunga.

Nimemweka kaka mwisho, ila yeye ndiye wa kuanza naye kabla hujatoa hata shilingi. Trekta ni mali ya marehemu, na kama mirathi haijagawanywa, ninyi wanne mna haki ndani yake. Ukilitengeneza kwa pesa zako kimyakimya, siku ya mgawo utaambiwa ulijitolea. Waite wote, hata kwa simu, mbele ya mzee mmoja wa ukoo. Waonyeshe kitambaa, waonyeshe makadirio, waonyeshe daftari la heka ulizolima na matela uliyovuta. Kisha mkubaliane kwa maandishi: ama gharama ni deni lako linalotangulia kulipwa, ama unawanunulia wenzako sehemu zao likiwa katika hali lilivyo sasa, ama mnachanga wote na kugawana kinachoingia. Kaka yako huenda anaona tu kwamba pesa zinatoka na haoni zinazoingia. Daftari litamsaidia kuliko mabishano.

Wakishikilia kuuza, kubali, ila lisiuzwe kwa kilo. Injini ya Perkins inayowaka vizuri, difu, matairi na karatasi za umiliki vina mnunuzi wake miongoni mwa mafundi na wakulima wa Korogwe na Handeni, na mnunuzi huyo atalipa trekta, hata giaboksi ikiwa mbovu. Mwambie ukweli wote kuhusu gia na maji. Na kama utakuwa wewe unayewanunulia sehemu zao, anza na ile mipira miwili ya mikono ya gia na turubai la kulifunika, wiki hii hii, hata kabla fundi hajapatikana.